Usiku si mweusi: kujifunza kuchora mbalamwezi ya Tanganyika

WAFANYABIASHARA wa ndagala wa Rumonge, Kigoma na Baraka wana kalenda yao isiyotundikwa ukutani. Wanajua siku ambazo magunia yatajaa na siku ambazo yatarudi matupu. Mwezi ukipevuka, wavuvi wa taa hupumzika, kwa sababu mwanga umetapakaa juu ya ziwa zima na karabai ya mtumbwini haiwezi tena kuwakusanya samaki mahali pamoja. Siku hizo maji hubaki peke yake na mwezi.

Ni siku hizo hizo ambazo mimi, mwalimu wa Kiswahili ninayeishi hapa Rumonge, hubeba ubao mdogo, penseli na kiti cha kukunja na kuteremka ufukweni. Kwa miaka michache sasa ninajifunza kuchora mbalamwezi ya Ziwa Tanganyika kwa rangi za mafuta. Najua wapo wasomaji watakaouliza: mtu aliyerudi kutoka ukimbizini, ambaye shamba la wazazi wake halikurudi lote, ana haja gani na picha ya mwezi? Swali hilo ni la haki. Nitalijibu, lakini kwanza nieleze kazi yenyewe.

Mwezi wa mwaka 1972

Watu wengi husema mbalamwezi ni ya wapenzi, au ya watoto kuchezea uani. Kwa wazee wetu wa kando ya ziwa si hivyo tu. Aprili 28, 1972 ulikuwa mwezi mpevu. Usiku uliofuata, Aprili 29, ghasia zilizuka kusini mwa Burundi, Rumonge ikiwamo, na mauaji yaliyofuata yaliendelea kwa miezi.

Mama yangu alikuwa msichana wa miaka 17. Husimulia kwamba wenye mitumbwi walikataa kuondoka siku zile za mwanzo, kwa kuwa ziwa lilikuwa jeupe kama uwanja na mtumbwi ungeonekana kutoka mbali. Walijificha kwenye michikichi, wakingoja. Kila siku mwezi huchelewa kutoka kwa takriban dakika 50. Baada ya siku kadhaa jioni zikawa na giza la kutosha, wakapanda mtumbwi kuelekea kusini hadi Kigoma. Kutoka hapo wakapelekwa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda yaliyofunguliwa mwaka 1973. Mimi nimezaliwa huko.

Katumba hakuna ziwa. Tulikuwa na msitu wa miombo, mahindi, tumbaku na shule ya msingi ambamo nilisomeshwa kwa Kiswahili cha Tanzania. Ziwa nililijua kwa masikio. Mama alikuwa akieleza uani kwao, mchikichi mmoja ulioinama, na maji yaliyong'aa chini ya mwezi alfajiri wanawake walipoamka kuchemsha chikichi za mawese.

Tuliporejea mwaka 2008, uani pale palikuwa na familia nyingine, nayo imekaa miaka mingi na kuzaa watoto hapo. Baada ya mashauri marefu shamba liligawanywa nusu kwa nusu. Sisi tulipata upande wa juu, wenye udongo mzuri. Upande unaotazama ziwa ulibaki kwa wenzetu. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba, miguu ikimruhusu, angependa kuliona ziwa usiku kutoka pale mara moja tena. Miguu haikumruhusu. Nilijaribu kupiga picha kwa simu niliyokuwa nayo, ikatoa nukta nyeupe katikati ya weusi. Ndipo nilipokwenda kwa fundi.

Fundi wa mabango

Fundi huyo ni Mkongomani kutoka upande wa Uvira. Riziki yake ni kuandika mabango ya maduka na kuchora vinyozi na simba kwenye kuta za mikahawa, lakini alipata kusomea uchoraji Kinshasa, na picha zake za nyumbani ni kitu kingine kabisa. Somo lake la kwanza lilikuwa sentensi moja: "Mwalimu, usiku haiko nyeusi."

Akanieleza tofauti ambayo wafanyabiashara wa mpakani wataipenda. Ukifika dukani ukasema "rangi ya mafuta", utapewa kopo la rangi ya milango na madirisha. Rangi hiyo si ya kudharauliwa. Edward Saidi Tingatinga aliitumia Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968, akichora kwenye hadibodi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima hata baada ya yeye kufariki mwaka 1972. Lakini rangi hiyo hukauka upesi na kila rangi hukaa na mpaka wake. Usiku una mipaka michache. Giza huingia kwenye mwanga polepole, na kwa kazi hiyo unahitaji rangi inayobaki mbichi siku nzima ili uweze kuilainisha.

Hiyo ndiyo rangi ya tyubu, poda ya rangi iliyosagwa katika mafuta ya kitani. Rangi ya maji hukauka maji yakiruka hewani. Hii haikauki hivyo. Mafuta yake huvuta oksijeni ya hewa na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Kwa sababu hiyo kuna onyo ambalo kila anayeuza au kununua mafuta haya alijue: tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa pembeni, laweza kupata joto lenyewe na kuwaka moto. Litandaze nje likauke au litie kwenye ndoo ya maji.

Vitu vinavyohitajika

Anayeanza hahitaji mzigo mkubwa. Fundi alinitaka nipate tyubu nne tu: buluu ya ultramarini, kahawia ya amba iliyochomwa, manjano ya udongo na nyeupe ya titani. Nyeusi aliikataza. Kisha brashi tatu, moja pana na laini, moja ya kati na moja nyembamba. Chupa ya tapentaini. Chupa ndogo ya mafuta ya kitani. Na kipande cha kioo au plaiwudi cha kuchanganyia.

Cha kuchorea kinaweza kuwa kitambaa cha amerikani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, akiwamo Tshibumba Kanda Matulu aliyechora historia ya Zaire, walitumia hata nguo ya magunia ya unga. Lakini kwa mazoezi hadibodi ni rahisi zaidi. Ikwangue kidogo kwa msasa, ipake gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji. Usiache hatua hii, hasa kwenye kitambaa, kwani mafuta ya kitani yakigusa nyuzi tupu huzila pole pole hadi kitambaa kikaoza.

Mwezi uko upande gani?

Kabla ya kushika brashi, mchoraji wa mbalamwezi hana budi kujua njia ya mwezi kama mvuvi anavyoijua. Wenzetu wa Uvira na Baraka wana bahati moja: mwezi mpevu huchomoza mbele yao jioni, ng'ambo ya maji, juu ya milima ya Burundi. Sisi wa Rumonge na ndugu zetu wa Kigoma tuko upande wa mashariki. Kwetu mwezi mpevu hutoka nyuma ya mgongo, na mpaka saa 6 za usiku uko utosini. Maji hayang'ai hadi uanze kushuka kuelekea Congo. Saa 10 za alfajiri ndipo unapokaa mahali pake.

Asiyeweza kuamka saa hizo atumie nusu mwezi wa kwanza, ule wa siku ya saba hivi tangu mwandamo. Huo huwa utosini jua likizama na huzama wenyewe karibu na saa 6 za usiku, kwa hiyo saa 4 utakuwa umekaa vizuri juu ya ziwa. Mchoraji anayeweka mwezi mpevu juu ya maji ya Rumonge saa 2 za usiku, mzee yeyote wa hapa atamcheka.

Kutazama ndiyo nusu ya kazi

Huwezi kuchanganya rangi gizani. Ukiwasha tochi jicho linapoteza usiku, na huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza upya. Kwa hiyo kazi ya ufukweni ni kutazama na kukariri. James Whistler, Mmarekani aliyeishi London, alifanya hivyo katika miaka ya 1870: alitazama mto Thames usiku, akaweka kichwani alichokiona, kisha akachora nyumbani. Sisi tuliosoma kwa kukariri hatuna cha kuogopa hapo.

Fundi alinipa njia ya namba. Unachora mistari michache ya penseli, kisha kila sehemu unaipa namba kutoka 1, giza kuu, hadi 5, mwanga mkuu. Mti wa karibu ni 1. Milima ya Congo ni 2, kwa sababu ukungu na umbali huififisha, nayo isifanane na mti wa karibu. Anga la mbali ni 2, anga lililo karibu na mwezi ni 3. Namba 5 ni mwezi wenyewe na sehemu ndogo ya maji chini yake, basi. Ukiitawanya 5 kila mahali, mwanga unakufa.

Kisha kuna ukubwa wa mwezi. Nikiwapa wanafunzi wangu zoezi hili, wengi huuchora kama sahani. Nawaambia wanyooshe mkono kuelekea mwezini: ukucha wa kidole cha mwisho unaufunika wote. Kwenye ubao wa sentimita 50, mwezi wa kweli hauzidi sana milimita 6. Ukiwa mdogo hivyo, ziwa linakuwa kubwa.

Kutengeneza giza

Kesho yake, mchana, ndipo rangi hutoka. Ultramarini ikichanganywa na amba iliyochomwa hutoa giza zito, tena giza lenye uhai: ukizidisha buluu linakuwa la baridi kama maji ya kina, ukizidisha kahawia linakuwa la joto kama shina la mchikichi. Nyeusi tupu huonekana kama tundu kwenye picha.

Mkono wa kwanza ni mwembamba, amba na tapentaini tu, kuweka upeo wa macho, milima na mti. Huo ukikauka unafuata mkono wa maumbo makubwa, kutoka giza kwenda mwanga. Kanuni ya wachoraji wa mafuta ni moja duniani kote: chini rangi kavu yenye tapentaini, juu rangi yenye mafuta zaidi. Ukigeuza, safu ya juu itakauka kabla ya ile ya chini na picha itapasuka kama tope la kiangazi.

Anga linalozunguka mwezi hulainishwa likiwa bichi. Unachukua brashi pana iliyo kavu, unapitisha kwa wepesi kama unayefuta vumbi kwenye redio, hadi usijue mwanga unaishia wapi. Upeo wa macho nao usiwe mstari wa rula. Usiku maji ya mbali na vivuli vya milima hushikana.

Picha huachwa wiki moja au zaidi. Baada ya hapo ndipo unapokuja mwanga: nyeupe yenye chembe ya manjano ya udongo, nzito, kwa mipigo ya kulala. Chini ya milima mipigo iwe midogo na iliyosongamana. Kadiri maji yanavyokujia, iwe mikubwa na iliyoachana. Mwezi wenyewe huwekwa mwisho, mguso mmoja, na brashi huwekwa chini.

Ikumbukwe kuwa mwanga wa mwezi ni mwanga wa jua tu ulioakisiwa. Ubuluu tunaouona ni kazi ya jicho letu linapohangaika gizani. Na ile njia ya fedha juu ya maji haina mahali pake. Watu wawili wakisimama hatua 20 mbali, kila mmoja anaona njia inayomjia yeye. Ukihama, inahama nawe.

Waliotutangulia

Fundi ana kitabu kikuukuu chenye picha mbili anazozirudia. Ya kwanza ni ya Mwingereza J.M.W. Turner, iliyoonyeshwa London mwaka 1796 akiwa na miaka 21, nayo ilikuwa picha yake ya kwanza ya mafuta kuonyeshwa katika chuo cha kifalme cha sanaa. Ni wavuvi baharini usiku, mawimbi makubwa, mwezi baridi juu na taa ndogo ya joto chomboni. Mtu wa Tanganyika akiiona hahitaji maelezo. Mwanga wa mwezi na mwanga wa karabai ni vitu viwili, na kila kimoja kinamfanya mwenzake aonekane.

Ya pili ni ya Arkhip Kuindzhi, aliyechora mto Dnieper chini ya mwezi. Mwaka 1880 aliionyesha St Petersburg peke yake, katika chumba kilichofunikwa madirisha na kuwashwa taa. Inasimuliwa kuwa wapo waliochungulia nyuma ya picha kutafuta taa iliyofichwa. Lakini rangi zake hazikudumu vizuri na picha imezidi kuwa nyeusi kadiri miaka ilivyopita. Fundi huisimulia hiyo kwa wanaopenda rangi za bei rahisi.

Uani kwa jirani

Michoro ya ufukweni ilinifundisha mkono, lakini mama hakutaka ufukwe. Alitaka uani. Hivyo nilikwenda kwa mzee anayekaa pale, nikamwomba ruhusa ya kuketi kwake kuanzia saa 9 za usiku, mwezi ukiwa mpevu. Tangu siku ya kuweka mawe ya mpaka tulikuwa tukisalimiana njiani tu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Unataka kupima tena?" Nikamwonyesha ubao na penseli. Akasema nije.

Nilikuta ameamka kabla yangu, ameweka kigoda chini ya mchikichi. Ule ulioinama haupo tena, uliosimama pale ni mwingine. Alikaa pembeni bila kusema hadi mwezi ulipokaribia milima, kisha akaniambia kwamba hata yeye huamka saa hizo, na hakuwahi kumwambia mtu. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi.

Picha ilichukua miezi miwili. Kama Turner, nilikusudia kuweka mtumbwi mmoja katikati ya mwanga, na nilimweleza mama kabla ya kuugusa ubao. Akakataa. "Mwanangu, usiku wa mwezi namna hii wavuvi wamelala, na mwenye kukimbia hatoki. Acha maji yapumzike." Nikayaacha. Mchikichi ulioinama niliurudisha kwa maelezo yake. Picha imening'inia sasa mbele ya kitanda chake, nayo ni ziwa tupu, milima na mwezi mdogo kama punje ya mchele. Wageni huuliza mbona hakuna kitu. Yeye huwajibu kwamba ndivyo alivyoagiza.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza haja ya picha. Sisi abahungutse tuna karatasi nyingi zinazoeleza tulichopoteza kwa mita na kwa mistari. Mashamba yanapimika, na ni lazima yapimwe. Lakini kile mama alichokiona alfajiri kutoka uani hakikuwa kwenye karatasi yoyote, wala hakuna shauri ambalo lingeweza kumrudishia. Hicho kinataka mtu aende akaketi, atazame sana, kisha afanye kazi polepole na rangi nne.

Kwa wafanyabiashara wanaovuka Gatumba na Mugina, neno moja la manufaa: tyubu za ultramarini na amba, mafuta ya kitani na tapentaini halisi ni shida kupatikana huku kwetu, na wanaojifunza wanaongezeka. Atakayeleta atapata wateja, japo si wengi. Anayenunua picha naye ajue kuwa vanishi haipakwi hadi rangi ikauke kabisa, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Muuzaji anayekuuzia picha mbichi yenye vanishi anakuuzia nyufa.

Mimi nina ubao mwingine mkononi. Jirani yetu ameagiza wake, na yeye anataka mtumbwi wa baba yake. Kwa hiyo mwezi wake utakuwa mwembamba, wa siku ya tatu, ukikaribia kuzama, na karabai ndiyo itakayobeba namba 5. Mkono wa pili nimeumaliza Jumamosi iliyopita, na bado haujakauka.